Kabla hujaimba harusini, uliza nani kakaa wapi

Nimepiga gitaa kavu na kuimba nyimbo zangu mwenyewe hapa Dar es Salaam kwa miaka kumi na moja. Zaidi ni masimulizi ya kijijini kwetu, Mpwapwa, nimeyatia kwenye beti za Kiswahili. Vijana wanaoanza huniuliza kuhusu maiki, studio na bei. Leo nieleze kwanza lililonikuta Mbagala, maana hilo hakuna aliyewahi kunionya.

Nina wimbo unaohusu chungu cha bibi yangu. Kilipata ufa, wajukuu tukamnunulia sufuria, akaikataa. Kiitikio chake ni hiki:

*Chungu changu cha zamani, kina ufa nakipenda,*
*Sufuria ya dukani, haiivishi mlenda.*

Nilialikwa kuuimba kwenye harusi. Nilishalipwa advansi ya shilingi 150,000, nusu ya makubaliano. Nilipofika kiitikio, mama mmoja wa makamo akainuka katikati ya ukumbi, khanga kiunoni, noti ya elfu kumi mkononi. Hakuja kwangu moja kwa moja. Alipita taratibu mbele ya meza ya bi harusi, akasimama, akaizungusha ile noti hewani, ndipo akaja kunibandika kwenye paji la uso. Vigelegele vikapasuka. Wakainuka wengine wanne. Nikaona wimbo umewaingia, nikarudia kiitikio mara ya pili. Na ya tatu.

Ya tatu sikuimaliza. Mama mdogo wa bi harusi alikwenda kwenye mitambo akachomoa waya wa spika, akaondoka nao mkononi hadi nje. Mshereheshaji akatangaza chakula, saa tatu kasoro, wali ukiwa haujashuka jikoni.

Bwana harusi alikuwa na mke wa kwanza, waliachana mwaka uliotangulia. Yule mama wa noti alikuwa shangazi wa huyo mke. Ukumbi mzima ulielewa chungu ni nani na sufuria ni nani, isipokuwa mimi niliyekuwa nikimuimba bibi yangu.

Mama mwenye nyumba wangu pale Temeke, mzaliwa wa Pwani, alinisikiliza hadi mwisho akasema, "Mwanangu, mjini hapa chungu si chungu." Akanieleza kwamba kwenye taarabu mtu hatunzi kwa sababu sauti ni tamu tu. Husubiri ubeti unaomsemea, kisha huinuka ili mlengwa amwone akiinuka. Fedha ile ni barua, na mwimbaji ni tarishi. Ndiyo kazi hiyohiyo ya maneno ya khanga: unamvalia jirani, wala humsemi. Mwambao huu una masikio yaliyofundwa na mafumbo tangu zamani. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, aliimba mpaka kesi za mahakamani za Zanzibar, na wasikilizaji wake walijua nani anasemwa.

Kwa hiyo sasa, kabla ya kufungua begi la gitaa, namtafuta mtu mzima wa upande wa waalikaji, mara nyingi somo wa bi harusi, namuuliza: kuna mtalaka humu? Kuna ndugu wasiosalimiana? Mama mkwe kamkubali mwali? Hanijibu yote, lakini uso wake hunitosha. Wimbo wenye mke, jirani, deni au chombo cha jikoni nauweka kando nisipopata jibu. Ninao mmoja wa mvua ya masika, hauna binadamu ndani, huo ndio naanza nao siku zote.

Kisha sikiliza vigelegele vinatoka wapi. Vikitoka pande zote, rudia kiitikio hata mara tano. Vikitoka upande mmoja na upande wa pili umenyamaza, maliza ubeti uingie wimbo mwingine, hata kama noti zinaendelea kuja. Hapo zinaponoga ndipo pa kuachia, na ni vigumu, nakiri. Usiku ule nilitunzwa shilingi 85,000, lakini nusu ya malipo yangu sikuiona.

Mengine kwa kifupi. Chukua advansi na mwandikiane, hata kwa ujumbe wa simu. Nyuzi za gitaa zipanguse kila ukimaliza kupiga, hewa ya bahari inazitia kutu haraka. Jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na nyimbo zako zipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Hili la pili nililipuuzia mpaka kipande cha harusi ile kikazunguka kwenye simu za watu kikiitwa "mpasho mpya", bila jina langu, na watu wakakiimba kwenye vikao vyao. Wimbo wa bibi yangu!

Wiki mbili baadaye mama mwenye nyumba alinichukua tukapanda daladala hadi Mbagala kumwomba radhi mama wa bi harusi. Tulivua viatu, nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama. Nikamweleza habari za bibi, za ufa ulioanzia mdomoni mwa chungu hadi nusu ya tumbo, jinsi alivyokigeuza kila akipika ili ufa usielekee moto. Akaniuliza, "Bado anacho?" Nikasema anacho. Akaniambia niimbe wimbo wote, bila gitaa. Nikaimba pale mkekani, taratibu.

Alinyamaza kidogo. "Ungeanza na huyo bibi," akasema. "Mtu akishajua ni bibi yako, atakaa kitini." Akamwita binti alete chai.

Tangu hapo ubeti wa kwanza unaanza hivi: *Bibi yangu wa Mpwapwa.*