Ukitaka Kununua Rolls-Royce Silver Shadow, Anza na Breki

Tangazo likisema "imetunzwa sana, imetembea kidogo", wanunuzi wengi hukimbilia ngozi ya viti na mbao za dashibodi. Hivyo viache mwisho. Ngozi iliyokauka hulainishwa, mbao zilizopasuka hupigwa vanishi upya. Utatoa pesa, lakini gari litabaki gari. Silver Shadow, iliyoundwa Crewe, Uingereza, kuanzia 1965 hadi 1980, humalizwa na mambo mawili: mfumo wa presha ya mafuta ya breki (haidroliki), na kutu.

Mfumo huo una asili ya Citroën, Rolls-Royce walitumia kwa leseni. Pampu mbili zinazoendeshwa na injini husukuma mafuta kwenye matufe mawili ya chuma yenye gesi ya naitrojeni. Presha inayohifadhiwa humo ndiyo inayokamata breki, na pia hulisawazisha gari likilemewa nyuma.

Kuyapima matufe hayo hakuhitaji kifaa. Washa injini, iache ingurume dakika 4 au 5, izime, halafu rudisha swichi bila kupiga stata. Kanyaga pedali na kuiachia, ukihesabu, macho kwenye taa mbili za onyo la presha ya breki. Zote zikivumilia mara 20 na zaidi, matufe yana uhai. Mojawapo ikiwaka kabla ya 10, tufe lake limeisha gesi na kazi inakusubiri. Na ukifika 100 bila taa hata moja kuwaka, usishangilie: huenda balbu imeungua, au kuna mtu aliyeichomoa.

Kisha uliza mafuta gani yamo. Gari hili linataka RR363, mafuta ya breki yaliyoongezwa mafuta ya mbarika ili kulainisha pampu na vali. Ukitia ya kawaida, pampu husagika taratibu. Ukitia yale ya madini yanayotumika kwenye Silver Spirit iliyofuata, sili zote za mpira huvimba na mfumo mzima hufunguliwa. RR363 hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya miaka 2, gari litembee lisitembee. Hapo ndipo sifa ya "imetembea kidogo" inapogeuka: maji yaliyolala ndani ya mabomba hula pistoni za breki, na mipira ya kupitisha mafuta huvimba kwa ndani. Baada ya mwendo wa nusu saa, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu, usiguse. Moja likiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki yake haiachii.

Kutu ni jambo zito kwa sababu bodi yenyewe ndiyo chesisi. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa kwenye vizingiti vya chini ya milango, kingo za bodi juu ya matairi ya nyuma, na sehemu ya chini ya madigadi. Isiponasa, umekutana na puti iliyopakwa kufunika kutu. Ila usimgombeze muuzaji kwa milango, boneti na kifuniko cha buti: hizo ni alumini, sumaku hainasi hata gari likiwa jipya. Paa likiwa limevikwa vinaili, bonyeza kwa kidole pembeni mwa vioo. Vijipu chini yake ni kutu.

Injini ya V8 (lita 6.2, na 6.75 kuanzia 1970) ni ngumu, mradi rejeta haikujazwa maji matupu. Bloku ni ya alumini, na ubavuni ina vitundu vidogo vya kutoa taarifa. Maji yakichuruzika hapo, sili za slivu (mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka) zimekufa na injini inashushwa. Gia boksi ya spidi 3 ya General Motors haina shida nyingi. Hakikisha tu inaingia gia bila kishindo.

Mwisho, omba risiti za matufe, mipira ya kupitisha mafuta na mafuta ya breki, zenye tarehe. Zisipokuwepo, toa gharama ya kazi yote hiyo kwenye bei kabla hamjaanza kuzungumza.