Jibu: sistimu inakubali buking mbili ukumbi mmoja

Yakhe, hiyo uliyouliza ya sistimu yako ya kubukia ukumbi kukubali harusi ukumbi mzima na semina chumba cha juu siku moja si kosa la programu, ni vile umeviingiza kama vitu viwili visivyojuana. Ukumbi mzima uuweke kama mkubwa, halafu chumba cha chini, cha juu na ua uviweke ndani yake, mtu akichukua wote vidogo vinajifunga vyenyewe, na akichukua kimoja tu basi ule mzima haubukiki tena siku ile.

Kapasiti, yaani idadi ya watu wanaoenea, usiandike namba moja. Harusi ya wanawake ya kukaa kwenye mabusati wanaenea wengi, ukitia meza za duara wanapungua sana, kwa hiyo kila mpangilio na namba yake, na wapiga taarab wahesabu pia maana steji inakula nafasi (sie tulisahau, bendi ikakaa karibu na mlango wa jiko!).

Muda wa kusafisha nao utie, masaa mawili hivi kila baada ya shughuli, huko Chake Chake, Pemba, sijui lakini hapa Mjini Unguja maulidi ya alasiri hayaishi alasiri. Ukimaliza jaribu kubuki mwenyewe kwa simu siku iliyokwisha chukuliwa, uone kama sistimu itakukatalia.