Mvinyo mwekundu unapokukaza ulimi: maswali yenu na majibu

Kila nikialikwa harusini tunawekewa mvinyo mwekundu mezani. Nikipiga funda moja tu, mdomo mzima unakuwa kama nimetafuna bibo. Wenzangu wanafurahia. Mimi nina kasoro gani? (Msomaji, Morogoro)

Huna kasoro yoyote, na mfano wa bibo umeupatia barabara. Bibo, ndizi mbichi, chai ya rangi iliyolala kwenye birika na mvinyo mwekundu vyote vina tanini. Mate yetu yana protini zinazoulainisha mdomo. Tanini huzinasa protini hizo zikagandamana, ulimi ukabaki mkavu na wenye kukwaruza. Huo ndio ukakasi. Katika mvinyo, tanini hutoka kwenye maganda, kokwa na vikonyo vya zabibu, na kiasi kingine kwenye mapipa ya mwaloni. Rangi nyekundu nayo inapatikana kwa kuiacha juisi ilale na maganda siku kadhaa, kwa hiyo rangi na ukakasi huja pamoja.

Kabla hujasema huupendi mvinyo, tafuta ni kipi ndani yake kinachokukera, kwa sababu kila kero ina dawa yake. Ukakasi hukausha mate. Uchachu hufanya kinyume: mate yanajaa pembeni mwa ulimi kama ulipong'ata ndimu. Ukali wa kilevi hauji mpaka umeze. Unahisi moto kooni na kitu kinachochoma puani. Uchungu hubaki nyuma ya ulimi muda mrefu, kama uchungu wa mwarobaini ingawa ni mdogo zaidi. Watu wengi huviita vyote vinne "uchungu", halafu muuzaji dukani anashindwa kuwasaidia.

Jaribio hili la nyumbani halihitaji mvinyo. Tengeneza vikombe vitatu vya chai bila sukari, kila kimoja maji mililita 200 na kijiko kimoja kidogo cha majani. Cha kwanza kichuje baada ya dakika 2. Cha pili na cha tatu viache dakika 10, kisha cha tatu utie vijiko viwili vikubwa vya maziwa. Onja kwa mpangilio huo, ukizungusha chai mdomoni kwa sekunde tano kabla ya kumeza. Cha pili kitakukaza ufizi na mashavu kwa ndani. Cha tatu kimekaa na majani muda uleule, lakini ukakasi umepungua sana, maana tanini zimeshika protini za maziwa kabla hazijafika kwenye mate yako. Jibini, nyama na maziwa hufanya kazi hiyohiyo kwenye mvinyo. Hapo harusini, basi, usiuguse mvinyo mpaka sahani ya nyama ifike.

Nilinunua chupa iliyoandikwa "dry" nikidhani ni nyepesi. Ilikuwa kali balaa. Nianze na upi? (Msomaji, Dodoma)

Neno hilo kwenye lebo halihusiani na wepesi wala na ule ukavu wa ukakasi. Linasema sukari ya zabibu imeliwa karibu yote na hamira ikageuka kilevi. Kwa sheria za Ulaya, mvinyo mkavu kwa kawaida hauzidi gramu 4 za sukari kwa lita. Mtamu huanzia gramu 45. Ulinganishe na soda ya kola, yenye takribani gramu 106 kwa lita, utaelewa kwa nini aliyezoea soda hushtuka.

Uko pazuri pa kuanzia. Zabibu nyekundu inayolimwa zaidi hapo kwenu ni Makutupora, yenye jina la mahali kilipo kituo cha utafiti wa zabibu, na mashamba ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Watengenezaji wa hapo hutoa mvinyo mwekundu mtamu na mkavu. Anza na mtamu, wiki mbili au tatu, glasi ndogo ya mililita 100 pamoja na chakula. Kisha tafuta wenye utamu wa kati, uliokaa katikati ya hizo mbili. Usiruke hatua hiyo. Wengi wanaorudi nyuma ndipo wanapoanguka.

Kama duka lina chupa za nje, angalia jina la zabibu. Gamay (ndiyo ya Beaujolais, Ufaransa), Pinot Noir, Grenache na Cinsault kwa kawaida huwa na tanini kidogo. Merlot iko katikati. Cabernet Sauvignon, Nebbiolo na Tannat ziache kwa sasa. Pinotage ya Afrika Kusini huwachanganya watu: ilizalishwa Stellenbosch mwaka 1925 na Abraham Perold kwa kupandisha Pinot Noir na Cinsault, zabibu mbili laini, lakini mvinyo wake mara nyingi ni mzito, wakati mwingine una harufu ya moshi. Lambrusco ya Italia ina mapovu na hunywewa baridi; ile iliyoandikwa "amabile" au "dolce" ni tamu, na inamfaa sana anayetoka kwenye soda.

Ni kweli ukichanganya mvinyo na soda unauharibu? Marafiki zangu wananicheka. (Msomaji, Mombasa)

Wanaokucheka wangefika Hispania wakati wa joto wangenyamaza. Kule mvinyo mwekundu na soda ya limau juu ya barafu ni kinywaji cha kila siku, kinaitwa tinto de verano. Katika nchi ya Wabaski huchanganya nusu kwa nusu na kola, nao huuita kalimotxo. Chupa ya bei kubwa usiichanganye, hiyo tunakubaliana. Ya bei ya kawaida haina ubaya.

Itumie kama ngazi. Wiki ya kwanza, mililita 100 za mvinyo kwa 100 za soda ya limau. Wiki ya pili, mvinyo 100 kwa soda 50. Ya tatu, kwa soda 30. Ya nne, weka maji yenye gesi mahali pa soda, na kipande cha chungwa. Hapo sukari imeondoka ulimi ukiwa umeshazoea uchachu na ukakasi. Jihadhari na jambo moja: soda huficha kilevi, na mtu hunywa haraka kuliko anavyodhani. Pima kwa kikombe cha vipimo. Usikadirie kwa macho.

Kwenye vitabu wanasema mvinyo mwekundu unywewe kwenye joto la chumba. Nafanya hivyo, lakini unanichoma pua. (Msomaji, Dar es Salaam)

Chumba kinachosemwa ni cha nyumba za zamani za Ulaya, kwenye nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Dar ina 30. Kwenye joto hilo kilevi kinaruka kwa wingi kutoka kwenye glasi na kufunika harufu ya tunda, na mvinyo unalegea kama uji. Weka chupa kwenye friji saa moja hadi moja na nusu. Ukiwa na haraka, ndoo ya barafu iliyojazwa na maji pia, dakika 10 hadi 12. Barafu peke yake hugusa chupa sehemu chache tu, maji yanaizunguka yote. Mvinyo mwepesi unafaa kwenye nyuzi 12 hadi 14, mzito 16 hadi 18. Usiulaze friji usiku kucha ukaunywa hivyohivyo: ubaridi mkali huzidisha ukakasi.

Jaza theluthi ya glasi tu ili harufu ipate nafasi. Ukiwa bado umekaza, umimine kwenye jagi uukalishe nusu saa.

Niupikie nini? Nilijaribu na samaki wa kupaka, ikawa balaa. (Msomaji, Tanga)

Mvinyo mwekundu una chembechembe za chuma zinazokutana na mafuta ya samaki na kuacha harufu ya shombo na ladha ya metali. Dagaa na vibua ndio wabaya zaidi. Ukiongeza pilipili ya mchuzi umeharibu kabisa, kwa kuwa kilevi huwasha moto wa pilipili. Utamu nao ni adui: baada ya halua au keki, mvinyo mkavu unakuwa kama siki.

Chakula chake ni nyama yenye mafuta na chumvi. Chukua mshikaki wa ng'ombe wenye mafuta kidogo. Onja mvinyo kwanza, funda dogo. Tafuna kipande kimoja chenye chumvi ya kutosha, meza, onja tena. Funda la pili ni laini, tunda limejitokeza: protini na mafuta zimeshughulikia tanini, chumvi imepunguza uchungu. Pilau ya nyama isiyo na pilipili inafanya vizuri pia, na maharage yaliyoungwa kwa nazi si mabaya kwa mvinyo mwepesi.

Nasomea uhudumu wa hoteli. Sipendi mvinyo, lakini lazima nimweleze mgeni ulivyo. (Msomaji, Arusha)

Huhitaji kuupenda, na huhitaji kuumeza. Waonjaji wa kazi hutema. Mimina mililita 30 za aina tatu tofauti kwa pamoja, kwa sababu ukionja mmoja peke yake hutajua tofauti. Nusa kila mmoja, weka mdomoni, uzungushe sekunde tano, tema kwenye kikombe, andika maneno matatu. Usifanye hivyo baada ya kupiga mswaki. Mara mbili kwa wiki kwa mwezi mmoja utakuwa na daftari lenye manufaa kuliko maelezo ya kukariri.

Tumia pua uliyonayo. Syrah hunukia pilipili manga kwa sababu zabibu hiyo ina rotundoni, kemikali ileile iliyomo kwenye pilipili manga. Mvinyo uliokaa kwenye pipa la mwaloni unaweza kunukia karafuu, kwani mwaloni hutoa yujenoli (eugenol), kemikali ambayo ndiyo harufu ya karafuu. Nyingine inanukia zambarau, iandike hivyo. Mtoto wa huku anazijua harufu hizi tangu utotoni.

Nitajuaje kama chupa imeharibika, au ni mimi tu sipendi? (Msomaji, Mwanza)

Harufu ya boksi lililoloa au tambara lenye ukungu ni kasoro ya kizibo. Harufu ya siki ni bakteria waliopata hewa. Kizibo kilichochomoza, na ladha ya jamu iliyopikwa sana, ni chupa iliyokaa juani. Usinunue ya dirishani. Ukishafungua, friji siku tatu hadi tano. Mezani, kwenye joto, kesho yake imeshachoka.

Nimesikia unasaidia moyo. Nijilazimishe? (Msomaji, Nairobi)

Hapana. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya, na pombe imehesabiwa miongoni mwa visababishi vya saratani tangu 1988. Glasi ya mililita 150 yenye kilevi asilimia 13.5 ina takribani gramu 16 za kilevi halisi. Mjamzito, dereva, na anayetumia metronidazo (dawa ya kuua bakteria) au dawa za usingizi asiuguse kabisa.

Miezi mitatu najaribu, bado. (Msomaji, Iringa)

Imetosha, acha mwekundu. Jaribu mweupe wa Dodoma wa zabibu ya Chenin Blanc, kwenye nyuzi 8 hadi 10: juisi yake hukamuliwa na kutenganishwa na maganda mapema, kwa hiyo ukakasi karibu haupo. Ukitaka rangi na uchachu bila kilevi, chemsha gramu 30 za rozela kavu kwenye lita moja ya maji kwa dakika 5, tia karafuu nne, funika dakika 20, chuja, weka vijiko viwili vya sukari na upoze. Rozela iliyokaa zaidi ya hapo nayo huanza kukaza ulimi.