Wenzangu wanaletewa maua, mimi nimeletewa kitabu cha nyuki

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, naishi Morogoro, huu ni mwaka wangu wa tatu kwenye ndoa. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, mtu mwema, ila ana msimamo mkali kuhusu mazingira. Valentine iliyopita wenzangu kazini waliletewa maua, maputo na keki. Mimi nililetewa kitabu cha mtumba kimefungwa kwa gazeti, kinahusu ufugaji wa nyuki. Walicheka mpaka nikaenda kujifungia chooni. Nilipomweleza nyumbani, akasema yale maua ni takataka za siku mbili na mimi napenda kujionyesha. Shangazi, napenda sana kusoma, hasa hadithi, na uchafu siupendi. Lakini Februari inakaribia na moyo umeanza kuwa mzito. Je, nadai makubwa?*

Marahaba, mwanangu. Hudai makubwa.

Barua yako ina maua, maputo, keki na kicheko cha wenzako, lakini mimi nimesimama pale kwenye nyuki. Unasema wazi kwamba unapenda hadithi. Mumeo anaishi na wewe, anakiona kitabu unachokishika kabla ya kulala, halafu siku ya wapendanao anakuletea mambo ya mizinga. Hebu jiulize, katika nyumba yenu ni nani anayetaka kufuga nyuki? Kama ni yeye, basi alijinunulia kitabu akakupa wewe. Hapo ndipo palipouma, na pangeuma vilevile hata kama kingekuwa kipya kimefungwa kwa utepe mwekundu.

Kwa hiyo mtumba tuuache kando. Vitabu vizuri mno vimepangwa chini kando ya barabara pale Posta, Dar es Salaam, na hadithi iliyosomwa na watu watano kabla yako haijapungukiwa neno hata moja. Zaidi ya hayo, mtu anayepitia rundo lile kitabu kimoja kimoja akikutafutia kitakachokufurahisha, amekupa saa nzima ya maisha yake. Mumeo angefanya hivyo, ungekipeleka kitabu kazini mwenyewe ukawaonyesha.

Sasa nimtendee haki mkwe wangu, maana kuna jambo analiona sawasawa. Shada la dukani huja limevishwa nailoni, likafungwa utepe wa plastiki, na mara nyingi vikonyo vimechomekwa kwenye sponji ya kijani ambayo nayo ni plastiki. Sponji ile haiozi, inamegeka tu kuwa chembe ndogo ndogo. Yale maputo yanayong'aa ni hivyo hivyo. Sisi Watanzania tuliachana na mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na Wakenya walitutangulia Agosti 2017. Inaniuma kuona kila Februari tunairudisha nailoni kwa mlango wa mapenzi. Mumeo analiona hilo na linamkera, nami namheshimu kwa hilo.

Lakini ua lenyewe halina hatia. Waridi la Ulaya mara nyingi limesafiri kwa ndege kutoka huku kwetu Afrika Mashariki, kutoka Naivasha nchini Kenya na kwingineko, na wenzetu wa Ulaya wana sababu ya kulifikiria mara mbili. Waridi lililokatwa Arusha likaletwa Morogoro kwa basi ni habari nyingine kabisa. Likivuliwa nailoni, linakauka na kurudi udongoni. Na kukuita wewe mpenda kujionyesha kwa sababu ulitamani kukumbukwa mbele ya watu, hapo mumeo amekosea. Msimamo mzuri ameugeuza fimbo ya kukuchapia.

Kama anadhani kitabu na ua haviwezi kukaa meza moja, msimulie habari za Catalonia, kule Hispania. Kila tarehe 23 Aprili wanaadhimisha siku ya Mtakatifu Jordi, na hiyo ndiyo siku yao ya wapendanao. Desturi ilikuwa mwanamume ampe mwanamke waridi, naye mwanamke ampe mwanamume kitabu. Siku hizi wengi hupeana vyote viwili, na mitaa ya Barcelona hujaa meza za vitabu na ndoo za maua. Tarehe hiyohiyo UNESCO iliitangaza mwaka 1995 kuwa Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani. Mwalimu atapenda kulijua hilo.

Wala hatuna haja ya kufika Hispania. Bibi zetu wa Pwani walijua kunukia mapenzi bila kuacha taka. Kikuba cha asumini na mrehani, kimefungwa kwa uzi, mwanamke anakibana kwenye nguo au nywele. Asumini nyingine zinatandazwa kitandani. Asubuhi zimenyauka, zinafagiwa na kutupwa shinani mwa mti. Wewe uko Morogoro na huenda usipate kikuba, lakini mche wa asumini au wa waridi utaupata kwa wauza miche. Mwambie akununulie huo, muupande pamoja, na kile kiriba mkirudishe kwa muuzaji akitumie tena. Na kitabu kifungwe kwa kanga. Gazeti ni sawa kwa maandazi, lakini kanga ni zawadi juu ya zawadi, na jina la kanga litasema yale ambayo mdomo wa mumeo unaona haya kuyasema.

Nikuulize na mimi: wewe ulimpa nini? Barua yako haisemi. Mwaka huu mtafutie kitabu anachokitamani, na kile cha nyuki mrudishie kwa upole, umwambie akisome yeye akusimulie. Labda mtapata mizinga kweli.

Zungumza naye wiki hii, usingoje tarehe 13. Chagua saa ametulia, si wakati anasahihisha madaftari. Sema kwa lugha nyepesi: "Mume wangu, nakubaliana na wewe kuhusu nailoni. Ila mwaka huu nataka hadithi, na nataka ua." Mwandikie kabisa majina ya vitabu vitatu vinne unavyovitamani, naye achague. Najua wapo wanaosema zawadi ya kuomba haina utamu. Sikubaliani nao. Mwanamume aliyekulia kwenye nyumba isiyopeana zawadi hawezi kubahatisha, anahitaji kuelekezwa, na hiyo si aibu yake wala yako.

Kisha mwombe asilete kitu ofisini. Sikukuu iwe ya kwenu jioni. Mkitaka chakula cha kununua, nendeni na hotpoti yenu, msirudi na lundo la vifungashio. Simu ziwekwe mbali, mmoja amsomee mwenzake sura ya kwanza kwa sauti. Mwalimu ana sauti iliyozoea kusikilizwa na watoto wa watu, basi jioni hiyo aitumie kwa ajili yako. Msipoimaliza, mnaendelea kesho yake, na Valentine yenu inaweza kufika Machi.

Wenzako wa kazini wakiuliza umeletewa nini, wajibu ukitaka. Hulazimiki.

Jambo moja nalisema kwa uzito. Ukimweleza kwa upole hivi, akarudia kwamba unapenda kujionyesha, basi mazingira ni kisingizio na kuna dharau inayokua ndani ya nyumba. Hapo usinyamaze mwaka mwingine. Waiteni wasimamizi wa ndoa yenu, mketi nao wanne, mumeo aeleze mbele yao kwa nini ombi la mkewe linamkera. Na mimi uniandikie tena.