Kofia ya meya kichwani mwa daktari

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: msema kweli huangushwa na nani, wakubwa au wananchi wenyewe? Mimi nasema huangushwa na wale waliomwahidi kuwa naye, tena siku ile gharama inapotajwa. Sijaona mahali hilo lilipoonyeshwa waziwazi kama katika En folkefiende, yaani adui wa watu, tamthilia ambayo Mnorwe Henrik Ibsen aliitoa mwaka 1882.

Dk. Thomas Stockmann ni daktari wa hamamu za tiba zinazouletea mji wake wageni na pesa. Wageni wa mwaka uliopita waliugua homa ya matumbo, naye akapeleka maji chuo kikuu yakapimwe. Majibu yakarudi: maji ni machafu. Uchafu unatoka kwenye viwanda vya ngozi, na mabomba yalilazwa chini mno, kinyume cha ushauri wake. Aliyeupuuza ushauri ule ni kaka yake mwenyewe, Peter, ambaye ndiye meya.

Mwanzoni wote wako naye. Hovstad, mhariri wa gazeti, anaitaka makala yake upesi. Aslaksen, mwenye mtambo wa kuchapa na mwenyekiti wa wenye nyumba, anamhakikishia kwamba wengi watamkingia kifua. Kisha meya anaingia ofisini mwa gazeti na kuwaambia mambo mawili: hamamu zitafungwa miaka miwili, na fedha za matengenezo zitatoka mifukoni mwa wananchi. Basi, imekwisha.

Daktari anapofika, meya anakimbilia chumba cha pili, kofia na fimbo yake ya cheo vikibaki nyuma. Daktari anaviona, anaivaa ile kofia, anaishika fimbo na kutamba ofisini kwamba sasa mkubwa wa mji ni yeye. Hajui kwamba wenzake wamekwisha kumgeuka. Anapomwambia Aslaksen achape makala, anakataliwa. Anaivua kofia, meya anaichukua. Kila ninapofika hapo moyo wangu hushikwa na uchungu, kwa sababu furaha yake ilikuwa safi kabisa.

Si kwamba namtetea kwa kila jambo. Kwenye mkutano wa hadhara, baada ya kuzuiwa kuzungumzia maji, anawageukia watu wa kawaida na kuwafananisha na mbwa koko. Aliniudhi sana. Wale ndio ambao wangelipishwa, na hakuna aliyekaa nao chini akawaeleza kwa heshima. Wanampigia kura kuwa adui wa watu, na anayeipinga kura hiyo ni mlevi mmoja tu. Kesho yake madirisha yake yamevunjwa kwa mawe, na binti yake Petra amefukuzwa ualimu.

Lakini mtihani mkubwa unamjia kupitia kwa baba mkwe wake, Morten Kiil, mwenye kiwanda cha ngozi. Mzee amechukua fedha alizokuwa amewawekea Katherine, mke wa daktari, na watoto kama urithi, akanunulia hisa za hamamu zilizoporomoka bei. Daktari akishikilia kwamba maji yana sumu, mkewe na wanawe watabaki na makaratasi. Anaweweseka, anatamani hata sayansi ingempa njia ya kutokea. Mwishowe anachukua kadi na kuandika neno moja mara tatu, kwa herufi kubwa: hapana, hapana, hapana. Anaagiza ipelekwe kwa mzee mbio.