Vyungu vya Mpangaji Aliyehama

SWALI: Shikamoo Mama. Nimehamia ploti hapa Umoja, na mpangaji aliyetangulia ameacha vyungu vya maua vya udongo kwenye varanda, karibu kumi. Vingi vina ukoko mweupe, viwili vina utando wa kijani. Pesa ya kununua vipya sina. Jirani ananiambia nichanganye siki, soda ya kuokea na Jik kidogo, ile dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, niviloweke usiku kucha. Nifanye hivyo?
Msomaji, Umoja

JIBU: Marahaba mwanangu. Mchanganyiko huo usiuguse kabisa. Siki ikikutana na Jik hutoka gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu, nawe uko kwenye varanda ya ploti yenye watoto wa watu. Hata siki na soda bila Jik haina maana: likishatulia lile povu, vimekwisha kumalizana nguvu, na umebaki na maji ya chumvi. Kila kitu kina kazi yake. Kwanza tujue chungu kina nini.

Ukoko mweupe ni madini. Udongo uliochomwa hupenyeza maji. Yakifika upande wa nje hukauka, madini yakabaki hapo. Maji ya mfereji yanayotoka bwawa la Ndakaini ni laini, hayaachi mengi. Lakini mifereji ikikatika tunanunua maji ya kisima kwa mitungi ya lita 20, na mengi ya hayo ukiyaonja tu ulimi unajua yana chumvi. Ongeza mbolea ya dukani iliyotiwa kwa mkono mzito, ukoko unanenepa. Chumvi hiyo ikizidi huunguza ncha za majani na kudumaza miche, kwa hiyo kuisafisha ni kuutunza mmea wenyewe.

Dondosha tone la siki juu ya ukoko, kisha utege sikio. Ukisikia vipovu vikichachatika, hiyo ni chokaa, na siki ndiyo dawa yake. Kusipochachatika, huenda ni chumvi ya mbolea, ambayo maji matupu huiyeyusha ukiloweka na kubadilisha maji mara kadhaa. Na ikiwa ni manyoya meupe yanayofutika kwa kidole, hiyo ni kuvu. Sugua kwa sabuni na uanike.

Usikimbilie kulowesha. Mwaga udongo wote, anika chungu juani hadi kikauke kabisa, ndipo ukwangue kwa brashi ngumu ya katani, mdomo na pua umefunga kitambaa. Ukoko mkavu hubanduka vipande vipande. Nusu ya kazi huishia hapo na siki hujaifungua. Mimi nimeuza miche kando ya barabara ya Ngong miaka mingi, na vyungu tunavyorudishiwa na wateja tunavianza hivyo hivyo.

Kisha chukua beseni, siki nyeupe kipimo kimoja kwa maji kipimo kimoja, uloweke nusu saa. Usiku kucha ni mwingi mno, maana tindikali inaweza kuanza kula chungu chenyewe. Chungu kisichoenea kwenye beseni kilaze ubavu, ukizungushe. Pale kwenye mdomo, ambapo ukoko hushika kama pete, zungusha kitambaa kilicholowa siki tupu, ukiache dakika 20, usugue tena. Ndimu nayo inafaa, ila kwa vyungu kumi utamaliza gunia. Ukishamaliza, suuza, loweka usiku mmoja kwenye maji safi ili siki itoke ndani ya udongo, kisha anika.

Vile viwili vya kijani havihitaji siki. Chota jivu la jiko la makaa, lichekeche, ulilowanishe kidogo, usugue kwa gunia kuukuu. Nyumba isiyo na jivu itumie soda ya kuokea. Magadi ya kupikia maharagwe pia hung'oa utando vizuri, lakini suuza sana. Yakibaki ndani ya udongo mizizi itateseka.

Siku ya kupanda, loweka chungu tena saa moja hivi. Chungu kikavu hunyonya maji kabla ya mmea.

SWALI: Nyanya zangu zilizokuwa kwenye ndoo za plastiki zilinyauka ghafla zikiwa bado kijani. Nikiosha ndoo kwa siki naweza kupanda tena?
Mama wa Kasarani

JIBU: Pole sana mama. Kama bado una shina moja, likate karibu na mzizi, ulining'inize kwenye gilasi ya maji maangavu. Tulia, uangalie pale palipokatwa. Ukiona nyuzi nyeupe kama za maziwa zikishuka polepole, huo ni mnyauko wa bakteria, na hapo siki usiitegemee. Napenda vitu vya jikoni, lakini siwezi kukudanganya kwa ugonjwa huu.

Udongo ule utupe kwenye taka, usiuchanganye na mboji. Osha ndoo kwa sabuni mpaka isibaki hata chembe ya udongo, maana udongo humaliza nguvu ya dawa. Hapa sasa tumia Jik peke yake, kipimo 1 kwa maji vipimo 9, dakika 10, uwe umevaa glavu, nje penye upepo. Suuza, anika juani. Chungu cha udongo kingeweza kuchemshwa: kitie kwenye sufuria ya maji baridi, uwashe moto taratibu, kwani maji ya moto ya ghafla hukipasua.

Jaza udongo mpya kutoka mahali unapopaamini. Nyanya, biringanya, pilipili hoho na viazi hushikwa na ugonjwa huo huo, basi kwa sasa panda sukuma wiki au vitunguu.

SWALI: Nina mikebe mitupu ya rangi ya nyumba. Nikiisugua kwa jivu naweza kupanda mboga?
Msomaji, Kawangware

JIBU: Mboga hapana. Rangi nyingi, hasa za zamani, zilitiwa madini ya risasi, na hakuna jivu wala siki ya kukuhakikishia kwamba yametoka. Toboa matundu chini kwa msumari, upande maua. Kwa mboga omba ndoo za mafuta ya kupikia kwenye kibanda cha chapati. Hizo ni sabuni na maji ya moto tu.