Makochi ya mkopo "bila riba", nichukue?

SWALI: Shikamoo dada. Niko Columbus, Ohio, mwaka wa pili huu. Nina kadi ya mkopo ya benki, limiti dola 2,000, naitumia kwa mafuta ya gari na supamaketi, kila mwezi nalipa kile kiwango cha chini tu, sasa deni limefika 1,200. Wenzangu wa kazini wanasema ukilipa lote alama za krediti hazipandi. Halafu kuna duka la fanicha wanataka kunipa kadi yao, makochi na kitanda dola 1,800, miezi 12 bila riba. Nichukue? – Mama Wawili

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hao wenzako wamekudanganya, tena uongo huu umewatia hasara wengi. Alama za krediti, yaani zile namba zinazowaonyesha wakopeshaji unavyolipa madeni, zinapanda kwa kulipa kwa wakati na kwa kutokuwa na deni kubwa kwenye limiti, wewe 1,200 kwenye 2,000 ni asilimia 60, na wengi wanashauri usipite 30.

Angalia na hela inavyokwenda. Tuseme riba ni asilimia 24 kwa mwaka, deni lako linazaa kama dola 24 kila mwezi, ukilipa 36 basi 12 tu ndo zimepunguza deni. Na kuna kitu watu hawaambiwi: ukilipa deni lote kila stetimenti (ile taarifa ya kadi ya kila mwezi), manunuzi hayana riba mpaka siku ya kulipa, na sheria ya Marekani ya 2009 inataka upewe angalau siku 21 za kulipa tangu stetimenti itumwe, ila ukibakiza deni ile nafuu kwa kawaida inaondoka, yaani hata maziwa uliyonunua jana yameshaanza kuhesabiwa riba.

Sasa makochi. Soma ile karatasi taratibu, utakuta wameandika hakuna riba KAMA utamaliza lote ndani ya miezi 12. Hapo kwenye "kama" ndo pana shida, maana usipomaliza, hata zikibaki dola 50, wanakuwekea riba yote tangu siku uliyonunua. Mimi yalinikuta kwenye friji, nililipa kila mwezi bila kuchelewa kiwango kilichoandikwa kwenye stetimenti nikajua niko salama, kumbe kile kiwango hakitoshi kumaliza deni kwa mwaka. Kwako wewe kumaliza ni dola 150 kila mwezi. Wakikuandikia 60 ukalipa 60, na riba yao ikiwa asilimia 28 kwa mwaka, mwisho wa mwaka unaangukiwa na zaidi ya dola 400 kwa mpigo na deni lenyewe bado lipo. Ni tofauti na kadi ya asilimia sifuri ya kweli, ile muda ukiisha riba inaanza kwa deni lililobaki tu.

Ningekuwa wewe ningenunua kitanda kwa keshi, watoto walale vizuri, makochi yasubiri. Hiyo 150 ielekeze kwenye kadi ya benki, na mafuta na supamaketi lipia kwa debiti, ile kadi inayokata hela zako mwenyewe za akaunti, mpaka deni liishe. Na tafadhali usitume hela nyumbani kwa kadi hiyo hata mama akiumwa, tumia debiti, maana benki nyingi zinahesabu umetoa keshi, kuna makato na riba inaanza siku hiyohiyo.

Leo wapigie benki waombe tarehe ya kulipa isogezwe iwe siku mbili tatu baada ya mshahara wako, wengi wanakubali.